Kidole cha Baba Neema

Harufu ya kahawa iliyomenywa ikachachuka, ile inayokuchoma puani kabla hujaiona, wengine huwapa furaha ya mavuno. Mimi hunirudisha kijijini kwetu Isansa, chini ya kichanja cha kuanikia, nikiwa darasa la pili.

Kwetu mtoto hakumkodolea mkubwa macho. Ulipiga goti, ukaamkia, ukatazama ardhi. "Macho makavu hayo umeyatoa wapi?" mama angekuuliza, na kofi liko njiani. Basi sisi watoto tuliwajua wakubwa kwa miguu yao. Hata nacheka nikikumbuka: mzee wa kanisa nilimfahamu kwa kisigino kilichopasuka, sura yake hata leo siijui.

Jioni ile nilikuwa nimejilaza chini ya kichanja kukwepa kutumwa maji. Nikasikia mama akipiga yowe, kishindo cha rungu, kisha kahawa ikazolewa haraka haraka kichanjani juu yangu. Mbele ya pua yangu ilisimama miguu miwili ndani ya makatambuga, vile viatu vya wazi vya tairi. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake. Jamani, nani hakukijua kidole cha Baba Neema, jirani yetu?

Nikamtaja. Mama, mkono umevunjika, aliniamini, tukaenda mahakama ya mwanzo. Pale mshtakiwa huruhusiwa kumhoji shahidi yeye mwenyewe. Baba Neema akanisogelea, sauti yake ya upole kama siku zote.

"Mwanangu, siku hiyo uliuona uso wangu?"

Nikatazama chini nilivyofunzwa. "Hapana, baba."

Hakimu, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, akauliza mbona natazama chini, nani kanifundisha kusema uongo. Nikazidi kuinama. Niliogopa mno. Hakuna aliyeniuliza nilichokiona. Baba Neema akaachiwa.

Mama hakunilaumu. Alining'iniza mkono wake kwenye kitenge, tukarudi nyumbani. Kesho yake Baba Neema akapita njiani, nami nikapiga goti. Shikamoo, baba. Marahaba, mwanangu.

Sasa na mimi nina watoto, ndipo nimeelewa, na bado inaniuma. Walidhani naficha macho. Kumbe palepale mbele yao, nikijibu "hapana, baba," nilikuwa nakitazama kile kidole.