Gari la Buluu Lililofika na Joto

Kila asubuhi, kabla hajazungumza na mtu yeyote, mjomba wangu husimama mlangoni mwa gereji, akafumba macho na kusikiliza barabara. Hupita lori, hupita pikipiki, hupita teksi, naye hutikisa kichwa taratibu kama anayepewa habari za ndugu wa mbali. "Hiyo beringi ya nyuma imekwisha," huniambia, wakati gari lenyewe limeshakata kona na hakuna aliyeliona. Kisha hufumbua macho, na siku inaanza.

Kazi yake ni kukagua magari ya Kijerumani yenye mbio, yale ambayo watu wanataka kuyanunua yakiwa yameshatumika. Hayauzi, na tangu mgongo uanze kumsumbua hayatengenezi. Anakagua tu, nami namwandikia ripoti, kwa sababu mwandiko wake anausoma yeye peke yake, na siku nyingine hata yeye humshinda.

Sharti lake la kwanza madalali wote wanalijua: injini iwe imepoa usiku kucha, aiwashe mwenyewe. Anazitaka sekunde tatu za mwanzo. Cheni iliyolegea ndani ya injini hulia hapo kama vijiko kwenye droo, halafu oili ikipanda hunyamaza, na mnunuzi hasikii tena mpaka gari liwe lake. Muuzaji akilileta likiwa la moto, mjomba huweka kiganja juu ya boneti, hutabasamu, na humwambia aliache lilale hapo hadi kesho. Baada ya hapo huangalia kama tairi zote nne ni za aina moja, maana aliyebania tairi atakuwa amebania na oili. Hunusa maji ya rejeta. Hulala chini ya gari muda mrefu kiasi kwamba mteja mmoja aliwahi kuniuliza kama mzee yuko hai.

Mwezi uliopita dalali alimpigia simu: limepatikana. Hakuna aliyeuliza nini. Kwa miaka ishirini mjomba alikuwa akilitaka gari moja tu: milango miwili, silinda sita zilizopangwa kwa mstari, gia za mkono, rangi ya buluu kama wino. Akiba yake yote ilikuwa ya hilo, na mkewe alikuwa amekubali, ingawa paa la jikoni linavuja.

Asubuhi hiyo alivaa shati jeupe.

"Mbona hata harusini kwetu hukupendeza hivi?" mkewe akamtania.

"Harusini nilikuwa naogopa."

"Na leo je?"

Alikuwa ameshatoka nje kusikiliza barabara. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya barabara, na sauti ya gari ilitangulia, nzito na laini, kabla rangi yenyewe haijajitokeza. Dalali akazima injini, akashuka akinukia manukato.

"Mzee wangu, nimelileta mwenyewe nisikusumbue."

Nilimtazama mjomba, nikingoja kile kiganja. Mkono wake uliinuka, ukapita juu ya boneti bila kuigusa, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto, ukaenda kwenye mlango. Akaingia. Nami nikaketi pembeni yake.

Tulishika barabara iliyonyooka ya viwandani. Kwenye gia ya tatu ile sauti ilifunguka ikawa noti moja ndefu ya muziki, na kuta za maghala zikatiririka pembeni kama maji. Mjomba alikuwa na uso ambao nimeuona kwenye picha ya sebuleni tu, ya kabla sijazaliwa. Alipoachia mafuta, moshi mwembamba wa buluu, ule wa injini inayokula oili, ulitoka nyuma yetu. Nadhani aliuona, kwa sababu alikipindua kioo cha kuonea nyuma, kana kwamba jua linamchoma macho. Jua lilikuwa halijatoka.

Tuliporudi, alichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Hakuna hitilafu hata moja.

"Safi kama sahani," dalali akasema.

Gari la umri ule haliwi safi namna hiyo. Kumbukumbu yake ilikuwa imefutwa, na aliyenifundisha hilo alikuwa mjomba mwenyewe. Alichomoa waya, akauviringisha polepole.

Mkewe alikuja na chai. Akapitisha kidole kwenye rangi. "Kumbe ndiye huyu mke mwenzangu? Mzuri, siwezi kukataa." Kisha akamtazama mumewe, na sauti yake ikashuka. "Kama umempenda, mchukue. Jikoni nitaweka ndoo."

"Umesikia, mzee? Mama ameshapitisha," dalali akacheka, akitandaza karatasi za mauziano juu ya boneti. "Tia sahihi, kuna daktari analililia hili."

Mjomba alininyooshea mkono apewe kalamu. Sijawahi kumwuliza neno mbele ya muuzaji. Huwa nainamia daftari langu na kuandika. Siku hiyo niliishikilia kalamu, sikumpa mara moja.

"Mjomba, kama anayelinunua angekuwa ni mteja, ningemwandikia nini?"

Aliliangalia gari muda mrefu. Mwanga ulikuwa umeanza kupanda kwenye ile buluu. Akautoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha dalali.

"Andika asinunue."