Siku Niliyoizuia Meli kwa Mikono Yangu

Chekeni polepole, maana aibu yenyewe ni yangu na bado naionea haya, tena Shangazi Mwanaidi alishaisimulia vibaya huko nyuma, ati nilitaka kuivuta meli nzima mpaka nchi kavu. Si kweli. Nilishika kamba tu.

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa darasa la pili Nachingwea, miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, na mchumba wangu Makame alikuwa bwana shamba, kijana wa Unguja aliyeletwa kwetu na serikali akakutana na vumbi jekundu na mimi. Posa baba yangu alishaipokea kwetu Narung'ombe, huko Ruangwa, watu wote wameridhika isipokuwa mama yake Makame, Bi Zuwena, ambaye alituma salamu kwamba hatoi neno mpaka aje anione kwa macho yake, na asiponipenda atarudi Unguja na mwanawe. Na mimi nilikuwa nampenda yule kijana kiasi kwamba nikishika chaki mkono unaandika jina lake wenyewe (nafuta upesi kabla watoto hawajaanza kulisoma kwa sauti).

Siku ya meli ilipofika Makame hakupata ruhusa, msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, ikaamuliwa Shangazi Mwanaidi, dada wa baba yangu, aende Mtwara kumpokea mgeni. Hapo ndipo nilipojitia ujuaji. Nikasema na mimi naenda, tena naenda na juisi ya mabibo.

"Mwari kumpokea mkwe bandarini!" Shangazi akashika kiuno. "Hayo mambo umeyaona wapi?"

"Shangazi, mtu akitoka baharini ana kiu."

Kwa asiyejua, bibo ndilo lile tunda linaloning'iniza korosho, na maji yake ukiyakamua alfajiri ni matamu, anakunywa hata mtoto, lakini yana haraka sana yale, jua likipanda yanaanza kuchacha, na jioni yanakuwa uraka, pombe kamili inayowaimbisha wazee. Sisi wa Ruangwa hatufundishwi hilo, tunazaliwa nalo. Kwa hiyo nilibeba mabibo yenyewe kwenye tenga kutoka shambani kwa baba mpaka Mtwara (nusu yalipondeka njiani, gari zima likanuka sisi), tukalala kwa rafiki yake shangazi, na alfajiri nikakamua, nikachuja kwa kitambaa safi, nikajaza dumu jeupe. Meli inashusha watu asubuhi. Mkwe atakunywa kitu kitamu, atasema ndiyo, nitaolewa. Kwa akili yangu mambo yalikuwa yamekwisha.

Meli tuliikuta kweli imefungwa gatini, nyeupe, kubwa kupita shule yetu yote, na abiria wamejazana kwenye reli za juu wanatutazama. Makame alikuwa amenieleza mama yake atakuwa na mwavuli wa kijani, nikautafuta, nikauona. Basi nikasimama mahali ambapo mwavuli ule utaniona vizuri, dumu mkononi, tabasamu usoni, nikangoja ashuke.

Hakushuka. Meli ilikuwa imepitia Unguja, na enzi zile chombo kikitoka Unguja watu wa forodha walikuwa wanakipokea kwa hamu kuliko sisi wenye wageni wetu, maana huko ndani kulikuwa na kanga, na betri, na sabuni za kunukia, na kila mzigo lazima ufunguliwe. Wakateremsha abiria wachache, wakakunjua kanga moja moja, wakachungulia chupa za chai, wakabonyeza magodoro kama daktari anavyobonyeza tumbo. Halafu ikasemekana bwana mwenye mhuri hajafika. Halafu akafika, lakini mhuri hauna wino. Kila ukiuliza unaambiwa "sasa hivi, dada, sasa hivi," na jua linapanda.

Shangazi alikwenda kwenye kivuli cha ghala akalala chali bila aibu yoyote. Aliniita nikakataa, nikaogopa mwavuli ule ukinitafuta usinione, mkwe atasema ona, hata kungoja hajui. Nikakaa chini juani na dumu langu, na wasiwasi ukanianza: je, juisi haijageuka? Nikafungua nikaonja kidogo. Tamu. Baada ya muda nikaonja tena, bado tamu, ina kaukali kwa mbali lakini tamu. Nikawa naonja hivyohivyo, kuhakikisha tu, na kosa langu (ni mtu wa kwetu tu anayeweza kukosea hivi, mgeni angelitema lile funda) ni kwamba juisi ilikuwa inageuka polepole na ulimi wangu unageuka nayo, wanakwenda pamoja kama marafiki, hakuna wa kumshtaki mwenzake.

Ikaja raha ambayo sijaipata tena. Kelele za bandarini zikawa zinafika kwangu zimevua viatu. Mwavuli wa kijani ukawa mkubwa, ukawa mkorosho wa nyumbani umeota juu ya meli, na chini yake naona wanangu ambao sijawazaa wamekaa wanatafuna korosho, wana macho ya Makame. Nikawapungia. Upepo ulikuwa unapita nikajiona nimelala Narung'ombe na hakuna mtu duniani anayeniuliza lolote. Ningekufa wakati ule ningekufa nafurahi.

Halafu meli ikaanza kuondoka.

Ndivyo nilivyoona mimi. Niliiona kwa macho yangu inateleza, na mwavuli unateleza nayo, na wanangu, na Makame, wote wanarudi Unguja na mimi sijaulizwa hata jina. Nikasimama, nikapiga yowe: "Inaondoka! Inaondoka na mama mkwe wangu!" Nikaikimbilia ile kamba nene iliyofungwa kwenye nguzo ya gati, nikaikumbatia, nikakita miguu, nikavuta kwa nguvu zote za watu wa Ruangwa.

Meli haikuwa imesogea hata kidogo. Makuli waliacha mizigo wakaja kutazama, abiria wote wakahamia upande wangu, mmoja akawa ananihimiza kutoka juu, "Vuta, dada, inakuja!" Shangazi akaamka akaniona, akajifunika kanga usoni akawa si shangazi yangu tena.

Askari alinibandua pale akanipeleka ndani ya forodha, mimi na dumu langu lililokuwa limevimba. Ofisa akalegeza kifuniko. Lilitoa mlio, povu likamrukia shati zima, na harufu ikajaza chumba mpaka watu wakageuka.

"Hii ni pombe," akasema. "Binti, umeingiza pombe bandarini. Ya nani hii?"

Hapo usingizi wote ukanitoka. Pembeni yangu, mezani, kulikuwa na mizigo imefunguliwa, ya abiria walioteremshwa punde, na juu ya mizigo umelazwa mwavuli wa kijani, na nyuma yake amesimama mama mmoja mwembamba mwenye buibui, ananitazama kuanzia utosi mpaka miguu pekupeku. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwona Makame anaondoka kweli sasa, bila meli.

"Yangu hiyo," akasema yule mama.

Ofisa akashangaa. "Mama, hii pombe ni yako?"

"Pombe gani? Siki hiyo. Siki yangu ya achari, nimemwagiza mkwe wangu."

"Mama, siki hainuki hivi."

"Haijawiva! Mmetuweka kutwa nzima humu, mngetuweka wiki mbili ingewiva."

Chumba kizima kikacheka, hata mwenye mhuri. Ofisa akafuta shati lake, akagonga mhuri, akatuambia tupite.

Nje nikaanza kulia, nikataka kumweleza. Bi Zuwena alinishika kiwiko. "Nyamaza. Tangu asubuhi niko pale juu nakutazama," akasema. "Wenzio wote wamekimbilia kivulini, hata shangaziyo. Wewe umekaa na jua unanitazama mimi. Na ulipoona nachukuliwa, umenizuia kwa mikono. Mie nimeshakuona."

Dumu lile alilipakata yeye mwenyewe mpaka Nachingwea, akalifunika kitambaa, akaliweka pembeni ya jiko langu akakataza mtu asiliguse. Siku ya harusi pilau ililiwa kwa achari ya embe, kali, inayofumbisha jicho, na wageni wakauliza siki ya wapi hii. Bi Zuwena akawajibu amepewa zawadi na mkwe wake bandarini. Akaniangalia, mimi mwari sitakiwi kucheka, nikauma kanga.

Sasa hayupo, Mungu amrehemu, ndiyo maana nasimulia. Na mpaka leo mimi mchuzi wangu sionji, chumvi naweka kwa kukisia, wanaokula kwangu watanisamehe.