Maktaba Isiyo na Nyuma

Asubuhi ile nilikuwa napangusa vumbi kwenye rafu za historia, nikimnung'unikia msanifu aliyechora jengo letu. Maktaba ni ya duara na rafu zimenyooka, kwa hiyo kila moja imeacha pembe ya kukusanya uchafu. Ukuta ni wa matofali yenye matundu, ili upepo uingie. Wageni huja hadi huku Eastlands kuupiga picha, lakini hakuna aliyewahi kunisaidia kufagia.

Matokeo ya kura yalikuwa yametangazwa usiku uliotangulia. Kabla ya adhuhuri tulisikia mabati yakipigwa, kisha mayowe. Mkuu wetu, Madam Wanza, akafunga mlango wa mbele kwa mnyororo. Wasomaji tukawaingiza chumba cha magazeti, karibu na mlango wa wafanyakazi, ambao tuliufunga kwa komeo tu.

Nilisogea kwenye matundu ya ukuta, nikachungulia.

Vijana wenye mapanga walikuwa barabarani wakiuliza watu majina ili wajue makabila yao. Jina la mume wangu lingemponza. Niliomba Mungu amzuie asitoke kazini kwake, mtaa wa Baba Dogo.

Lakini alikuja kunichukua.

"Mama Brayo!" Sauti yake ilipenya matunduni. "Uko wapi?"

"Mwite," Madam Wanza akaninong'oneza. "Nitamfungulia."

"Kuja nyuma!" nikapiga kelele. "Mlango wa nyuma!"

"Nyuma ni wapi?"

Sisi wafanyakazi tulizoea kuuita mlango wetu wa nyuma. Yeye alinisubiri mbele kila jioni, na kwa nje ukuta ule ni mmoja kila upande. Sauti yangu ilikuwa ikimtokea kwenye kila tundu.

"Fuata ukuta tu!"

Nikasikia viatu vyake vikikimbia, vikija karibu. Kisha nikasikia viatu vingine, vingi, kutoka upande wa pili.

Mkono wa Madam Wanza uliganda kwenye komeo. Chumbani mlikuwa na watoto wa shule. Simlaumu.

Kelele zilipohamia sokoni, tulifungua. Alikuwa amelala mahali ambapo ningemgusa bila kuvuka kizingiti.

Jengo lingalipo, nami nalifagia. Msanifu sina ugomvi naye. Waliomuua mume wangu walikuwa watu, wengine wa mtaa huu huu, na hakuna aliyeshtakiwa. Hasira hiyo ninayo hadi leo.

Mwanangu huniuliza kama baba yake alinisikia. Namwambia alinisikia vizuri. Alikuwa anakuja.