Tanuri la Kilburn

Waingereza walipoanza kubandika picha za sokwe kwenye pakiti za kahawa, sisi tulikuwa tumeshautetea msitu wa Kongo mpaka sauti zimetukauka. Nasema sisi, yaani watu watano, juu ya duka la vyombo pale Kilburn, London, miaka ya tisini, katika chumba chenye baridi hata panya walikuwa wakivaa soksi. Tulijiita kamati.

Wenye kamati hasa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mlinzi wa msitu huko Kivu kabla vita havijamleta London kufagia maofisi. Alikuwa mrefu, basi la ghorofa likimwona linamwamkia. Wa pili ndiye mwenye duka, Mhindi mzaliwa wa Nairobi, aliyependa ndege kuliko wateja. Mwenye duka alimwita mwenzake "ndugu". Mlinzi naye alimwita "bhai", ndugu kwa Kihindi. Kila Jumapili walikula pamoja nyuma ya duka wakigombania achari, na huko mlinzi alimweleza mambo ambayo hakutuambia sisi. Mimi nilikuwa mkalimani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimehitimu shule ya jioni, Kiingereza changu bado kinanuka chaki.

Kamati ilikuwa na desturi yake, tukaiita tanuri. Anayekwenda kuzungumza na wakubwa anawekwa kitini, sisi tunajifanya wakubwa, tunamchoma kwa maswali na kejeli mpaka woga umtoke. Kukasirika marufuku. Mimi waliniambia Kiingereza changu kinasikika kama mbuzi anakunywa supu, nikacheka wiki nzima.

Basi wabunge watatu wakakubali kutusikiliza. Ilikuwepo barabara iliyotaka kukatwa katikati ya msitu ule, na serikali ya hapa ilikuwa ikifikiria kuisaidia. Kati yetu, aliyewahi kuukanyaga msitu wenyewe alikuwa mlinzi peke yake.

"Tukishindwa," alisema, "hiyo barabara itapita juu ya makaburi ya wenzangu."

Akakaa kitini. Tukaanza kwa mizaha.

"Ulikuwa unaulinda msitu, au ulikuwa umepotea humo?"

"Tembo ulimwona kweli, au kwenye noti?"

Akacheka, tukacheka. Ndipo mwenye duka akasogeza kiti chake mbele.

"Siku wenzako walipopigwa risasi, wewe ulikuwa wapi?"

Mlinzi akamtazama. "Bhai, hiyo nilikuambia weye tu."

"Hapa hakuna bhai. Mimi ni mbunge. Jibu."

"Bhai."

"Ulijificha. Mlinzi gani huyu, analindwa na mizizi ya mti?"

Mmoja wetu alicheka, kwa mazoea tu, kisha akajifanya anakohoa. Mlinzi akachukua koti lake akatoka. Mwenye duka akamimina chai, mkono wake imara kabisa.

"Bora avunjike hapa kuliko kule," alisema. "Atanishukuru."

Siku ya bungeni mlinzi alikuja, suti imepigwa pasi hadi ungeweza kukatia mkate. Na wabunge wale! Wapole kama wauguzi. Waliuliza mvua hunyesha miezi gani. Waliuliza sokwe wanakula nini. Wakasifu ramani yetu, na mwenye duka, nyuma yangu, akaanza kupumua. Mwishoni mwenyekiti akauliza kama shahidi ana la kuongeza.

Mlinzi akasimama.

"Ile siku banatupiga risasi," alisema, "mi nilijificha mu mizizi ya muti, maji mpaka ku shingo. Nilisikia mwenzangu ananiita. Sikutoka."

Wakanigeukia mimi. Nikatafsiri.

Mbunge mmoja alifunika kalamu yake. Mwenyekiti akashukuru kwa ukweli huo, kwa sauti ya kumuaga mgonjwa. Mlangoni msaidizi wao akatuambia, taratibu kabisa, kwamba sasa watawasikiliza wenye kampuni ya barabara, na shahidi wetu hatasumbuliwa tena.

Mwenye duka alimshika mlinzi mkono pale kwenye korido.

"Nani alikuuliza? Ndugu yangu, nani alikuuliza hilo?"

"Ni weye, muheshimiwa."

Akatangulia kushuka ngazi. Nje mvua ilikuwa inapiga. Mwenye duka akamkimbilia na mwavuli, ameunyoosha mbele kwa mkono mzima, yeye mwenyewe akilowa, akimfunika mtu ambaye tayari yuko ng'ambo ya barabara.