Nyongeza ya Bibi Fundi

Ukitaka kumuudhi Bibi Fundi, mwambie nguo ya mtoto imekaa sawasawa. Kwake hiyo ni kasoro. "Mtoto anakua huyu," angekujibu, huku akikunja pindo nene la kufumuliwa mwakani. Mtaa mzima nguo za watoto zilipwaya, na wateja hawakuacha kuja.

Basi mjukuu wake akashikwa na mafua. Binti yake, akiwahi kazini, akamwachia chupa ya dawa na kikombe chake cha kupimia chenye mistari. Bibi akapima mpaka mstari alioonyeshwa, lakini roho haikuridhika. Dawa gani hii, hata ulimi hailoweshi? Akaongeza kidogo. Kila alipompa, aliongeza kidogo.

Mtoto akakakamaa mikononi mwake, macho yakageuka, mwili ukatetemeka. Bibi alimkimbiza hospitali, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Amekunywa dawa kiasi gani?" daktari aliuliza, mtoto alipotulia.

Angeweza kudanganya. Alisema yote, mpaka habari za pindo.

Vipimo vilipotoka, daktari akamwita Bibi pamoja na binti yake, aliyekuwa amefika kutoka kazini. "Hiki si kifafa. Ni dawa iliyozidi, na mtoto mdogo huweza kupata degedege kwa sababu hiyo. Msimpe tena. Mleteni tena baada ya wiki mbili nimwangalie."

Binti hakumgombeza mama yake, ila tangu siku hiyo mtoto akawa anashinda kwa jirani. Kibanda cha fundi kikapoa. Hakuna wa kumwaga vifungo, hakuna wa kujificha chini ya meza, na Bibi aliutamani hata ule ukorofi.

Siku ya kurudi kliniki ikafika, na jioni yake mlango ukagongwa. Mtoto aliingia mbio, akamwaga kopo la vifungo kabla hajasalimu. Bibi alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Daktari kasema hana tatizo lolote," binti alisema. "Nimeleta kitambaa, umshonee gauni."

Bibi akampima mjukuu, akachora kwa chaki, akapima upya, akachukua mkasi. Binti akaziangalia zile alama.

"Mama, mbona hujaacha pindo?"

"Sitaki tena kuzidisha kitu kwa mtoto wako."

Binti akamshika mkono wenye mkasi. "Dawa nitampa mwenyewe. Kesho asubuhi namleta ashinde na wewe. Na hapa ongeza, mama. Mtoto anakua huyu."