Sagynaly Aling'oa Mkono wa Usukani

Kila Alhamisi nakaanga mikate kwa mafuta ya kondoo ili harufu imfikie marehemu kaka yangu Sagynaly, kisha namsomea Yasini. Majirani wanaisikia harufu, lakini wanaoingia kula ni wachache. Hawakumpenda akiwa hai. Mimi nilimpenda, na hata mimi alinichosha.

Alikuwa fundi wa malori yaliyoachwa na jeshi la Warusi, na kwenye malori hayo alijali usukani kuliko kitu kingine. "Injini ikifa utalala njiani," alikuwa akisema. "Usukani ukifa utalala kaburini."

Mwaka wake wa mwisho, dereva Chorobek alimletea lile lori lake ambalo kila Juni hupandisha familia zetu malishoni, juu ya mlima wenye kona thelathini. Lilikuwa likiyumba kama mlevi. Sagynaly akachonga bushi mpya, akabadilisha tairodi, ile fimbo inayogeuza magurudumu, akafungua sanduku la usukani na kuliosha kwa mafuta ya taa. Parafujo kubwa iliyomo ndani ilikuwa imelika katikati, pale inapokaa gari likienda moja kwa moja. Pembeni, kwenye kukata kona, ilikuwa nzima. Mpya haikupatikana popote, hata mjini Naryn. Basi akauacha usukani na ulegevu wa vidole vinne, akatia alama ya rangi nyekundu kwenye skrubu ya kukazia.

Chorobek akautikisa. "Wiki tatu, halafu unanipa jino la bibi kizee?"

"Ukiukaza katikati utakwama kwenye kona. Usiuguse."

"Mke tu alikushinda, utauweza usukani?"

"Ondoa takataka yako uani kwangu."

Asubuhi ya kuhama, lori lilikuwa limeshapakiwa miti ya mahema, vikongwe na watoto. Sagynaly akaja, akainama, akachungulia. Alama nyekundu ilikuwa imesogea. Aliingia uvunguni na spana, akaung'oa ule mkono wa chuma unaotoka kwenye sanduku kwenda kwenye tairodi, akatoka nao begani.

"Mwizi!" watu wakapiga kelele.

"Sagynaly, mche Mungu," imamu wetu akasema. "Kondoo wameshatangulia."

"Kondoo wana akili, mullah. Wanakwenda kwa miguu."

Nikamshika mkono. "Kaka, urudishe. Unatuaibisha."

"Kapande basi, ufe wa kwanza." Akamgeukia Chorobek. "Nitaurudisha. Kwanza kaa, ugeuze usukani mpaka mwisho. Hata magurudumu hayajaungwa, hakuna uzito wowote. Geuza, mwanamume."

Chorobek akapanda. Katikati ulikuwa umekaza vizuri, akacheka. "Mnaona? Wivu tu huo!" Akaendelea kuugeuza. Ukawa mzito, kisha ukagoma. Akavuta kwa mikono miwili, akatia mguu kwenye dashibodi, mishipa ya shingo ikamtoka. Kuurudisha tu, ilibidi shemeji yake apande amsaidie.

Chorobek akashuka. "Legeza," akasema, akatema mate karibu na viatu vya kaka yangu. "Na usilisogelee tena gari langu, mbwa wewe."

"Nililisogelea kwa sababu ya hao watoto. Wewe ungetumbukia ningelala vizuri."

Akalegeza skrubu, akafunga mkono, akapiga pini, akaenda zake bila kuaga mtu. Hakuna aliyemwita apande.

Mimi nilipanda. Kona thelathini nzima Chorobek aliutukana usukani uliolegea, na kila kona uligeuka. Tulipofika juu imamu akainua mikono kushukuru. Akamwombea dereva, akawaombea mifugo, akaomba nyasi. Jina la Sagynaly hakulitaja, na mimi, dada yake wa tumbo moja, nikaitikia amina.