Mikono Niliyoiondoa Jerahani

Ng'ombe wa plau alimchoma pembe mkulima mmoja pajani, asubuhi, katika kijiji kimoja upande wa Migato. Mimi nilikuwa nesi wa zahanati, mgeni Simiyu, mwenye cheti cha miaka miwili na kiburi kilichokizidi.

Tulimkuta amelala kando ya shamba. Mhudumu wa afya wa kijiji, mama mtu mzima aliyepitia semina ya wiki chache tu, alikuwa amepiga magoti, ameikunja khanga yake na kuikandamiza kwenye jeraha kwa ngumi mbili. Tulipompandisha mgonjwa kwenye gari la wagonjwa la zahanati, naye alipanda bila kuachia.

"Shuka," nikamwambia. "Ninamsindikiza mimi."

"Sista, nikiachia tu, damu itaruka. Niache mpaka hospitali, Bariadi."

"Umesomea wapi, wewe?"

Dereva wetu, aliyebeba wagonjwa miaka mingi, aligeuka. "Sista, mwache mama. Anajua hii kazi."

"Wewe shika usukani."

Nikaishika mikono ya yule mama, nikaiondoa. Alishuka, khanga yake ikabaki jerahani. Gari lilipoondoka nikaifunua khanga ili nisafishe jeraha na kulifunga upya, kama nilivyofundishwa kwa vidonda vidogo. Damu iliruka hadi kwenye kioo. Bendeji zangu zikalowa moja baada ya nyingine. Mke wa mgonjwa, aliyekaa miguuni pake, alinishika gauni akisema maneno ya Kisukuma.

"Anasema turudi tumchukue yule mama," dereva akanitafsiria.

"Endesha."

Mkulima alikata roho kabla hatujaiona Bariadi.

Kwenye ripoti niliandika kwamba mhudumu wa kijiji alitoa huduma ya kwanza isiyofaa. Tabibu, mkuu wetu wa zahanati, aliyesoma miaka mitatu, alisaini bila kumuuliza dereva. Yule mama aliachishwa kazi mbele ya mkutano wa kijiji. Ndugu wa marehemu wakaacha kuitikia salamu yake.

Baadaye nilipelekwa kwenye mafunzo ya huduma za dharura. Mwalimu alisema kitambaa kilicholowa damu hakiondolewi; unaongeza kingine juu yake na kukandamiza, huachii mpaka mfike kwa daktari. Niliyaandika yote kwa mwandiko mzuri.

Niliporudi nilimweleza tabibu ukweli. Alinisikiliza akichezea kalamu.

"Faili lile limefungwa," alisema. "Na nimekupendekeza usimamie gari la wagonjwa. Unataka nilifute jina lako?"

Nilisema hapana.

Juma lile nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Alikuwa anachambua pamba. Hakunikaribisha kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama, tangu mwanzo mpaka ripoti, nikamwomba radhi.

"Mimi nilijua tangu siku ile," alisema, bila kuinua macho. "Nenda kamwambie mkewe."

Nyumba ya mjane ilikuwa ng'ambo ya korongo, moshi wa jikoni kwake unaonekana. Nilipanda pikipiki, nikarudi zahanati. Mpaka leo sijaenda.